Namba 614

"Mwanangu, sindano umeishika dakika ishirini sasa. Unashona au unasali?"

Aliyeuliza ni Mama Kabati, mkuu wa chumba chetu cha mimea mikavu katika bustani ya utafiti. Jina hilo tumempa kwa sababu funguo za makabati yote zinakaa kwenye mkoba wake, na hata mkurugenzi anaziomba kwa adabu.

"Nashona, mama."

Nilikuwa sishoni. Nilikuwa nasoma lebo ile kwa mara ya nne.

Kazi yangu ni hii: watafiti wanaleta mimea waliyoikausha katikati ya magazeti, mimi naishona kwa uzi kwenye karatasi ngumu, kisha nabandika lebo pembeni. Lebo inasema mmea umechumwa na nani, lini, wapi, na ardhi ilikuwaje. Kila mtafiti ana namba zake, zinafuatana tangu mmea wake wa kwanza, na haruki hata moja. Tena kila mmea huchumwa nakala zaidi ya moja. Moja inabaki kwetu, nyingine inakwenda bustani ya wenzetu, ili huku kukiungua, kule ibaki.

Mchumba wangu alikuwa mtafiti, na harusi yetu ilibakiza wiki tatu. Miezi miwili nyuma aliniletea furushi lenye namba 613, halafu 615.

"Namba 614 iko wapi, daktari wangu?" nilimtania.

"Iliota ukungu, mpenzi. Nikaitupa."

Nikampa pole, mjinga mimi.

Asubuhi hii kikaja kifurushi kutoka bustani ya wenzetu. Ndani yake kulikuwa na nakala ya 614, safi, haina hata doa, na kikaratasi: "Nimeona hii haikufika kwenu. Sisi tunazo mbili." Lebo ilikuwa kwa mkono wake mchumba wangu, mwandiko ninaoujua kuliko wangu mwenyewe, na chini ya jina lake kulikuwa na jina la ukoo la aliyesafiri naye. Tarehe ilikuwa siku tuliyomzika baba.

Siku ile alinitumia ujumbe ambao sijaufuta mpaka leo: "Mpenzi, mto umefurika, gari haliwezi kuvuka. Nalia peke yangu huku. Mwambie baba anisamehe."

Nilimwambia. Niliinama pale kaburini, nikamwambia.

Sasa lebo ilisema hivi: "Umechumwa katikati ya mto uliokauka. Mchanga mtupu. Magari yanapita."

Kaka yangu ni dereva wa lori, na ile njia anaijua. Siku ile ya maziko alinivuta pembeni.

"Mto ule nimeuvuka juzi. Hakuna maji pale hata ya kunawa uso. Huyo mtu anakuchezea."

Nilimjibu mbele ya wajomba kwamba ana kijicho, kwa kuwa mkewe alimkimbia. Tangu hapo hatujasemeshana.

Nikaipiga namba ya simu iliyokuwa chini ya kile kikaratasi.

"Nimepokea 614," nilisema. "Nahakikisha tarehe tu."

"Tarehe ni hiyo hiyo, nilikuwepo," ikajibu sauti ya kike, changamfu. "Wewe ndiye unayeshona? Basi wewe ndiye dada yake! Jamani, asante kwa lile sweta. Kambini nalala nalo."

Sweta lile nililifuma wiki sita. Mchumba wangu aliniambia anasafiri na profesa mzee, miaka sabini, magoti mabovu, akipigwa na baridi anatetemeka mpaka kijiko kinamponyoka. Nikamwonea huruma mzee wa watu.

"Limekutosha?" Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Mikono tu ndiyo mirefu kidogo. Ameniambia mwisho wa mwaka atanileta kwenu mnijue. Utanipokea, wifi?"

"Mimi si wifi yako. Mimi ni mchumba wake. Kadi za harusi yetu ziko hapa kwenye droo."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Naapa sikujua."

"Najua. Ungejua usingetuma 614."

Akaanza kulia, nami nikamsikiliza, maana machozi yangu yalikuwa bado hayajatoka.

Saa kumi jioni mchumba wangu akaingia na mkoba wake, buti zimejaa vumbi, tabasamu mpaka masikioni. Mama Kabati akanitazama, akamtazama yeye, akasema anakwenda kutafuta chai. Mlango akauacha wazi.

"Huu ni mwandiko wa nani?" nikauliza.

Aliisoma lebo. Tabasamu likaondoka.

"Wangu."

"Na profesa, magoti yake hayajambo?"

Akaketi bila kukaribishwa.

"Nilikuwa natafuta namna ya kuachana naye. Safari ile nilipanga kumwambia."

"Siku ya maziko ya baba yangu."

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi tusaidiane. Kalamu hii hapa. Futa mchanga, andika mto umefurika. Wajomba wakiuliza, niwaonyeshe."

Aliitazama kalamu. Sitaficha, kuna upande wangu ulioomba aichukue. Angekuwa mwongo wa kila kitu, pengine nisingeumia hivi.

"Lebo haibadilishwi," akasema taratibu. "Unajua."

"Najua. Mwaka jana ulimnunia mwenzio mwezi mzima kwa tarehe moja tu. Kumbe kusema kweli unaweza. Jani ukaona linastahili kuambiwa ukweli, mimi na baba yangu hapana."

"Nisamehe."

"Nilikupenda mpaka nikamtukana ndugu yangu. Alikuwa amevaa nguo za msiba, na mimi nikaicheka ndoa yake mbele za watu. Kwa ajili ya mto ambao haukuwepo."

Hapo machozi yangu yakatoka. Alinyoosha mkono anifute, nikaurudisha kwake kwa upole, kama mkono wa mgeni. Nikavua pete, nikaitia kwenye bahasha ndogo ya mbegu. Bahasha zile huwa tunaziandika kilichomo. Ile sikuiandika kitu. Akaichukua na kutoka, na furushi lake jipya akalisahau juu ya meza.

Mama Kabati alirudi na vikombe viwili, akaniwekea kimoja mezani. Nilichukua sindano. Ningeweza kulisaga jani lile viganjani, lakini jani halikunikosea. Nililishona vizuri, nikakaza kila fundo, kisha nikaandika jina langu penye "Aliyeshona". Chini ya jina lake na la yule mwanamke, la tatu likawa langu. Mama Kabati akalifungia kabatini. Karatasi zile hukaa miaka mia.

Kisha nikampigia kaka. Simu iliita mpaka nikakata tamaa.

"Haloo."

"Kaka, mto ulikuwa umekauka."

Nilisikia injini ya lori ikizimwa.

"Kaka, yale maneno niliyokwambia…"

"Umekula?"

"Bado."

"Nisubiri hapo getini kazini. Nakuja kukuchukua."