Daftari la Mgonjwa Nambari Sita

Itangazwe kwa wakubwa kwa wadogo, kwa waliolala na kwa waliokwisha kuamka, kwamba sayansi ya dunia ilikuwa imefungua tawi lake jipya katika bweni la pili, kitanda cha juu, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mkuu wa tawi hilo alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na minne aliyeitwa Balozi. Vifaa vya tawi vilikuwa tyubu moja ya marhamu, daftari jembamba na kalamu ya bluu. Na kazi ya tawi, tusifichane, ilikuwa kusema uongo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Kengele ya alfajiri ilipolia, wenzake walikimbilia bafuni na ndoo zao. Balozi alijifanya anatafuta kiatu. Alikitafuta kiatu hicho kila siku ya Mungu mpaka mtu wa mwisho arudi, ndipo naye akaoge peke yake, maji yakiwa yamebaki kidogo na sakafu imejaa povu la watu wengine. Kisha alivaa shati la mikono mirefu, hata jua likiwaka vipi, na soksi zilizofika magotini. Mwisho alikung'uta shuka dirishani, na magamba meupe, mepesi kama pumba, yakapeperuka.

"Chaki," alisema Kobe, aliyelala kitanda cha chini, kwa jina ambalo bweni lilimpa Balozi, "umeninyunyizia unga tena. Siku nikiamka nimekuwa mkate, utawajibu wazazi wangu."

Bweni zima lilicheka. Balozi naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Zamani yeye ndiye aliyekuwa mgawaji wa majina. Kobe alipata jina kwake, kwa sababu ya shingo yake fupi, na mpishi wa shule vilevile. Hucheka kovu asiyefikwa na jeraha. Sasa jeraha lilikuwa limemfika mwenyewe, na ilimbidi aendelee kucheka.

Mabaka yalimwanza akiwa na miaka kumi na moja, kwanza kwenye viwiko, kisha magotini, kisha kichwani nyuma ya masikio. Mama yake alidhani ni mapunye. Matroni alidhani ni uchafu, akampa mche wa sabuni na maneno makali. Mabaka hayakusikia sabuni wala maneno. Yaliota magamba ya rangi ya fedha, na akiyakuna yalitoa damu. Hakuna aliyekubali kumwazima ndoo. Mezani, nafasi mbili za kulia kwake zilikaa tupu, na mbili za kushoto.

Hatimaye alipelekwa kwa daktari mmoja mtafiti katika hospitali ya mjini. Daktari alimshika kiwiko kwa mkono mtupu, bila glavu. Balozi alishtuka; hakuwa ameguswa hapo kwa miaka miwili.

"Huu unaitwa soriasisi," daktari alisema. "Hauambukizi. Hata mkilala shuka moja na mwenzako, hataupata. Mwili wako una askari wa kupigana na vijidudu. Askari hao wamekosea adui, wanaishambulia ngozi yako mwenyewe. Ngozi ya mtu huchukua kama mwezi kujibadilisha. Yako inakimbizwa, inajibadilisha kwa siku chache tu, ndiyo maana inarundikana."

"Kwa hiyo askari wangu ni wajinga, daktari?"

"Wana bidii kupita kiasi. Kama viranja wenu."

Balozi alimpenda daktari huyo papo hapo.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kulikuwa na marhamu mpya iliyochanganywa na lami. Watoto wakubwa sita wangeipaka asubuhi na jioni kwa wiki kumi na mbili, na kila wakipaka waandike daftarini. Kila baada ya wiki nne wangepimwa. Wanne wakipata nafuu, watoto wadogo nao wangepokelewa. Wasipofika wanne, mlango ungefungwa kwa wadogo. Mama yake Balozi alitia saini, na Balozi naye akatia saini yake ndefu yenye mikia miwili, kama ya waziri. Alikuwa mgonjwa nambari sita.

Alipaka siku nne.

Marhamu ile ilinuka kama barabara inayotengenezwa. Usiku wa kwanza Kobe alifunga taulo puani. Usiku wa pili bweni lilimwuliza lini kampuni ya ujenzi itahama. Usiku wa nne alikuta godoro lake limetolewa nje, limeegemezwa ukutani penye umande, na hakuna aliyejua nani amelitoa. Balozi alilala juu ya mbao. Hakulia. Alitoa tangazo kwamba mbao ni nzuri kwa uti wa mgongo, watu wakacheka, na kesho yake akaacha kupaka.

Lakini tyubu zilipimwa uzito hospitalini kila zikirudi. Balozi hakuwa mtoto wa kukamatwa kwa gramu. Kila Jumamosi alikwenda chooni, akakamua marhamu ya wiki nzima, na tundu la choo likaimeza yote. Aliikamua kwa uaminifu mkubwa, bila kupunguza wala kuzidisha. Na kila asubuhi na jioni alifungua daftari na kuandika: "Asubuhi nimepaka. Jioni nimepaka. Nimewashwa kidogo." Mara ya kwanza mkono wake uliandika polepole, herufi moja moja. Kufikia mara ya kumi ulikwenda wenyewe.

Kipimo cha mwisho kilipangwa Jumatatu. Jumatano kabla yake, wakati wa kujisomea, Balozi aliona heri amalize kazi mapema. Akajaza siku zote zilizobaki mpaka Jumapili jioni, akafunika daftari na kulisahau.

Ijumaa dereva wa shule alimwita darasani. Daktari alikuwa na safari, kwa hiyo angempima siku hiyo. Balozi alipita bwenini kuchukua tyubu na daftari, akapita na chooni kukamua sehemu ya wiki hiyo, daftari asilifungue.

Ukumbini hospitalini, kwenye benchi, alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka kama sita. Mtoto alifungwa kitambaa kichwani. Kilikuwa kimeganda kwenye ngozi, kimeloa nyuma ya sikio, na kila mara mkono wake ulipopanda kujikuna, mama aliushusha bila kutazama.

"Hujambo, mwanangu," mama alimsalimu.

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mmoja wa wale wakubwa wanaotumia dawa?" Balozi aliposema ndiyo, mama alimsogelea. "Basi niambie wewe, maana madaktari husema kwa mafumbo. Inafaa?"

Balozi, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu duniani, alisema, "Bado wanapima, mama."

"Huyu shule wamemrudisha nyumbani. Wazazi wenzangu wamesema ataambukiza watoto wao." Akaushusha tena mkono wa binti. "Tunawasubiri nyinyi."

Ndani, nesi alipima tyubu kwenye mizani ndogo. "Sawasawa kabisa," alisema. "Umeitumia kama mfamasia." Daktari alimwambia akunje suruali, akayapima mabaka ya magoti kwa rula, kisha akafungua jalada na kutazama vipimo vya zamani. Akapima tena.

"Dawa imetumika yote," alisema hatimaye, kama mtu anayezungumza na meza. "Hajakosa hata siku moja. Na mabaka yamekua." Akavua miwani. "Watatu wamepata nafuu. Wawili hawakupata. Ulikuwa umebaki wewe, kijana wangu. Si kosa lako. Dawa imeshindwa."

Akatoka. Mlango ulibaki wazi nusu, na Balozi aliona yote. Daktari aliinama mbele ya benchi na kusema maneno machache. Mama alikifungua kitambaa cha binti yake polepole, pale kilipoganda akakilowesha kwa mate, akakifunga upya. Mtoto alisema "Aa, mama," mara moja tu.

Nesi alikuwa ananakili daftari kwenye fomu. Kalamu yake ilisimama.

"Jumapili jioni nimepaka," alisoma. "Nimewashwa kidogo." Akamtazama Balozi. "Leo siku gani?"

"Ijumaa, nesi."

"Na Jumamosi umepaka mara mbili. Hongera. Mimi hata Ijumaa yenyewe sijaimaliza."

Daktari alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Alilichukua daftari, akalisoma, na uso wake ulikuwa na uchovu zaidi kuliko hasira. "Labda umekosea tarehe," alisema. "Watoto hukosea tarehe."

Huo ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa hisani, na Balozi alikuwa na visingizio vitatu tayari, vyote vizuri. Cha kwanza kilifika mpaka ulimini. Lakini kule ukumbini mama alikuwa anakusanya vitu vyake: chupa ya maji, kanga, viatu vidogo vya plastiki. Angeondoka.

"Sikukosea tarehe," alisema. "Sikupaka. Nilipaka siku nne tu, daktari. Nyingine zote nilikamua chooni."

Nesi aliweka kalamu mezani.

"Basi tundu la choo ndilo lililopata nafuu," alisema nesi, lakini hakucheka.

Daktari aliketi mbele yake. "Kwa nini?"

Balozi akasimulia yote, harufu, taulo, na godoro lile ukutani. Sauti yake ya matangazo ilikuwa imempotea. Alisema kama mtoto wa miaka kumi na minne.

"Pole," daktari alisema. "Pole sana, na nitakuja shuleni mwenyewe kuwaeleza wenzako na matroni kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Hilo lilikuwa jukumu langu, sikulitimiza. Lakini lako nalo sikia. Ungeniambia 'daktari, nimeshindwa kupaka,' ningeandika hivyo, na ungekuwa ukweli wenye faida. Utafiti hauogopi mtu aliyeshindwa. Unaangamizwa na mtu aliyedanganya, kwa sababu uongo wako hautakaa kwako. Mimi nitauamini, nitaupeleka kwa mtu usiyemjua, na yeye ndiye atakayeumwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kanuni zinaniruhusu kufuta rekodi zako na kukuanzisha upya mara moja tu. Wiki kumi na mbili nyingine, kuanzia leo. Utapaka mbele ya matroni, naye ataandika. Hakuna ahadi kwamba utapona." Akaashiria ukumbi kwa kidevu. "Ila kuna mtu anayepaswa kujua kwa nini atasubiri tena. Sitakwenda mimi."

Balozi alianza kuikunjua suruali yake, kisha akabadili mawazo, akaiacha imekunjwa. Alitoka na magoti yake wazi, mabaka yote nje, akasimama mbele ya benchi.

"Mama, usiondoke. Dawa haijashindwa. Wa sita ni mimi, na sikuipaka. Nilidanganya daftarini. Nilikuwa naogopa kuchekwa."

Mama alimtazama usoni, kisha magotini, kisha usoni tena. Binti naye aliyatazama magoti yale kwa makini, kama mtu aliyemwona ndugu.

"Ni muda gani tena?" mama aliuliza.

"Wiki kumi na mbili."

Mama aliushusha mkono wa binti yake kutoka kichwani.

"Basi nenda kapake," alisema.