Kisima Hakikumfuata Mtu

Siku maji yalipoondoka, Dobi alishusha ndoo kisimani kama kawaida yake. Ndoo ikagonga jiwe. Akainama kusikiliza. Chini mle palikuwa na mvumo mdogo usiokatika, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

Nguo za wateja zilikuwa zimelowa sabuni, na maji ya kusuuza hayapo. Kisima kile alikichimba mumewe, ambaye alikuwa amezikwa juzijuzi tu.

"Kimemfuata mwenyewe," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu. "Tukifukie. Shimo kavu huita watu."

"Linamwita nani?"

"Wewe, shemeji. Naona unavyoliinamia."

Dobi hakubisha. Mvumo ule alikwisha kuusikia hata ukutani, akiegemea kupumzika. Nguo kwenye kamba zilitetemeka bila upepo. Vyura wa mferejini walikuwa wamenyamaza. Ng'ambo ya barabara, jengo jipya lisilo na madirisha lilitoa joto mchana kutwa, na paka wote wa mtaa walikuwa wamehamia chini ya ukuta wake. Walilala wakiwa wamefumbua macho.

Shemeji akaleta mkokoteni wa kifusi. Jirani yao, mama mmoja fundi wa pampu, akasimama mlangoni.

"Mnazika nini?"

"Kisima," akajibu shemeji.

"Kinaumwa nini?"

"Msiba."

"Msiba haunywi maji, baba. Jengo lile ndilo linalokunywa."

Dobi akageuka. "Mle ndani mna nini, dada?"

"Kompyuta, safu kwa safu. Picha na sauti tunazotumiana kwa simu huhifadhiwa kwenye majengo kama hayo. Kompyuta hazizimwi, kwa hiyo zinapata moto. Hizo za mle zinapozwa kwa maji. Wamechimba visima virefu kuliko chako. Maji ya chini ni mamoja. Mwenye mrija mrefu akivuta, wa mrija mfupi anabaki kunyonya hewa."

"Na huu mvumo?"

"Feni na pampu zao. Ardhi inaubeba."

Dobi alishika simu yake. "Basi hata sauti ya mume wangu imo mle?"

"Huenda. Au imo kwenye jengo jingine kama lile, mbali."

Shemeji akaushusha mkokoteni.

"Tufanyeje?" Dobi aliuliza.

"Msifukie. Mkifukia, mmezika ushahidi. Wala asishuke mtu kuchimba zaidi. Hewa ya chini inaua. Funga jiwe kwenye kamba, pima kila wiki kama maji yapo, na yamefika wapi. Majirani nao wapime vyao. Halafu twende wote ofisi ya maji. Ukienda peke yako, watakupa pole ya msiba na kukurudisha nyumbani."

"Na kifusi changu?" shemeji akauliza.

"Kirudishe ulikokitoa. Mgongo ni wako."

Walipima. Wakaenda, wakarudishwa, wakaenda tena wakiwa wengi zaidi. Mwishowe ofisi ikatuma wapimaji wake. Wenye jengo wakaamriwa kupunguza kuvuta, na maji yaliyokwisha kupoza mashine wayazungushe tena badala ya kuyamwaga.

Maji yakarudi, ingawa si yote. Vyura hawajarudi, na mvumo haujakoma. Siku hizi Dobi anafua alfajiri, kwa sababu ikifika adhuhuri maji hushuka, na ndoo hugonga jiwe tena.