Mpole Yumo Ndani

Foleni ya duka la vyuma ilikuwa ndefu, na kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa kijana mmoja mwenye koti jeupe lililoungua mfukoni kwa dawa. Alikuwa ameshika mfuniko uliopasuka, uso umemshuka kama aliyefiwa. Alikuwa akimweleza muuzaji kwamba anataka chungu kidogo cha chuma kisichovujisha hata mvuke.

"Unapika nini?" aliuliza mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

"Mawe."

"Yanaiva?"

"Kwa saa sita. Yakizidi yanaharibika."

Mwanamke alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma: ovaroli ya bluu, grisi kwenye kucha, hereni ndogo za fedha ambazo hakuzivua hata akiwa mashineni. Akamwambia amwache muuzaji wa watu apumue, chungu atakichonga yeye.

Alikichonga kwa siku mbili, akaweka alama yake ya nyota juu ya mfuniko. Yule kijana alikuwa mkemia wa maabara ya jirani, na alipokuja kukichukua alikaa karakana mchana kutwa, akimweleza kazi yake. Unachanganya dawa mbili, unapata uji mweupe. Uji unalala usiku mmoja, asubuhi unaingia tanurini. Unatoka unga wa zeolaiti, na kila chembe ya unga huo ina vijumba vidogo ndani yake. Maji ya chumvi yakipita, ile chumvi inayoyafanya magumu inanaswa humo. Fundi hakuelewa yote, lakini alipenda mikono ya yule mtu ilivyokuwa ikijenga vijumba hewani. Miezi mitatu baadaye walikuwa hawapitishi siku bila kuonana.

Sasa, huko maabara uji huo walikuwa wameupa jina: Mpole, kwa kuwa ulikuwa hautaki kukorogwa kwa pupa. Jina likanoga, wakaanza kuusema kama mtu. Mkemia angesema "uji umelala", hadithi hii isingekuwepo.

"Leo siji, mpenzi," Mkemia alimwambia Fundi jioni moja kwenye simu. "Mpole ndiyo kwanza amelala."

"Mpole nani?"

"Nitakueleza. Jumatatu wakubwa wanakuja kumwona, wakimkubali kazi yangu inaendelea. Wakimkataa, nafungasha."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke, nyororo kama ya mtangazaji wa redio: "Yule wa jana nimeshamwogesha mara sita, bado anawasha."

Simu ikakatika. Fundi alibaki ameishika. Anawasha! Kwanza alicheka. Kisha wivu ukampanda mpaka chakula kikawa kichungu, na usiku huo alimwogesha Mpole kichwani mwake mara sita, kila mara akiwa mzuri zaidi.

Kesho yake asubuhi Mkemia alipita karakana mbio mbio, akaacha ufunguo wa chumba cha tanuri, akaomba achongewe wa pili. Fundi aliupokea bila kumtazama. Ulikuwa ufunguo pekee, na mlango wenyewe ukivutwa tu unajifunga.

Saa nane kasorobo mchana simu ikaita.

"Fundi wangu, mlango umejifunga. Lete ufunguo, nakuomba. Mpole yumo ndani, na saa nane lazima atoke."

"Yumo ndani?"

"Tangu saa mbili asubuhi. Akizidi saa zake atageuka, sitamtambua."

"Naja," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ilivyostahili.

Kutoka karakana hadi maabara ni dakika kumi kwa miguu. Lakini nani anakwenda kuonana na mke mwenza akiwa na grisi? Fundi alikwenda nyumbani kwanza. Akaoga, akasugua kucha kwa brashi mpaka zikauma, akavaa gauni la kijani alilokuwa ameshonewa na shangazi yake kwa ajili ya sherehe, akapaka wanja, akafuta, akapaka tena. Simu iliita mara kumi na nne. Kila ilipoita aliongeza kitu: mkufu, manukato, viatu vya visigino.

Alifika saa kumi na moja. Mkemia, aliyekwisha kwenda karakana na kuikuta imefungwa, alikuwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni. Pembeni yake alisimama msaidizi wake, bibi wa wajukuu watatu mwenye miwani minene, akamsalimu kwa ile sauti ya redio.

"Mpole atoke nimwone," alisema Fundi, akafungua mlango mwenyewe.

Chumba kilikuwa kitupu. Mkemia alipita, akafungua tanuri, akatoa kwa koleo chungu kidogo cha chuma chenye nyota juu ya mfuniko. Fundi aliijua nyota ile.

"Huyu ndiye Mpole," alisema Mkemia. "Amekaa saa tisa."

Kesho yake mashine ya kupimia ilithibitisha: unga ulikuwa umegeuka jiwe jingine, vijumba vyake vimebana, havipitishi kitu. Mkemia hakugomba. Ila siku tatu hakupita karakana, na hilo lilimuuma Fundi kuliko matusi.

Siku ya nne Fundi hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa, na ovaroli yake, akawaambia kosa ni lake: alikuwa na wivu na uji. Walicheka hadi wakafuta machozi, wakampa Mkemia wiki moja zaidi.

Siku ya kupika tena Fundi alikuwa pale tangu saa mbili asubuhi akiwa na ovaroli yake ya grisi, ufunguo ameufunga shingoni kwa kamba. Saa nane kamili alifungua mlango. Jioni ile msaidizi aliosha unga mara nane, akaweka tone la maji yake kwenye karatasi ya kupimia ukali wa dawa, akatangaza kwamba hawashi tena. Mashine nayo ikasema ndiye.

Mkemia alijaza unga huo kwenye chupa moja. Chupa ya pili, ile ya jiwe lililobana, alikuwa ameibandika karatasi iliyoandikwa "Wivu". Fundi aliisoma, akaona aibu.

"Itupe basi."

"Hii naiweka. Hakuna aliyewahi kuvaa vizuri hivyo kwa ajili ya uji wangu."

Kisha akatoa ufunguo mwingine mfukoni, mrefu, uliochakaa.

"Nichongee wa pili."

"Wa wapi huu?"

"Wa nyumbani kwangu. Huo wa pili ubaki nao wewe, na tukawaone wazee wako."

Fundi aliugeuza ufunguo mkononi muda mrefu, akiyapima meno yake kwa kidole.

"Mwingine nani anao?"

"Hakuna."

"Nitauchonga leo," alisema. "Sasa hivi. Na nguo hizi hizi."