Sauti Iliyotoka Ghala la Mvinyo

Rafiki yangu ni dalali wa mashamba kule kwenye vilima vya mizabibu, na haya alinisimulia mwenyewe. Siku hiyo alikuwa ameshachoshwa na wateja wake, mume na mke. Kila shamba alilowapeleka, mume alilitoa kasoro: hili liko mbali na barabara, lile zabibu zake chachu.

Kwenye shamba la mwisho, umeme ulikatika wakiwa mlangoni mwa ghala la chini ya ardhi, yanakowekwa mapipa ya mvinyo.

"Hata taa hakuna!" mume akafoka.

"Nisubirini hapa, kaka, nikaangalie swichi," dalali akasema, uso ameukunja.

Alihangaika na swichi hiyo nyuma ya nyumba mpaka jasho likamtoka, wapi! Aliporudi mlangoni hakuwakuta. Chini kulikuwa giza totoro, na humo gizani mtu alikuwa akigonga mapipa, moja baada ya jingine, taratibu, kama anayeonyesha lipi limejaa. Dalali akawaita kwa hasira. Kugonga kukakoma.

Mume na mke wakapanda ngazi, wakitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Tunalichukua," mume akasema. "Umetueleza vizuri sana huko chini, ndugu yangu."

"Ila mkono wako una baridi!" mke akaongeza, akisugua kiganja chake.

Kabla dalali hajajibu, pipa liligongwa tena kule gizani, na sauti yake mwenyewe ikamwita kwa upole:

"Shuka na wewe, kaka. Nipe mkono."