Heriz ya Mamboleo

Peugeot 504 ilichomoka Mamboleo kama risasi. Mbele yake Datsun pikapu ilikimbilia mjini, zulia nene limekunjwa nyuma.

Khaemba, mpelelezi wa serikali, alinyakua redio.

"Mbuta, nimemwona. Hiram anaendesha."

"Asifike hotelini!" mkuu wake, Mbuta kwa jina la siri, alinguruma. "Mawaziri wa nchi jirani wameshaketi."

Zulia hilo lilikuwa litandikwe chini ya meza yao.

Khaemba alikanyaga mafuta. Rohoni alikuwa na Mwihaki, dada yake Hiram, mwenye duka la mazulia ya Uajemi. Kwa wiki kadhaa alijifanya mnunuzi, akinywa chai yake, akifundishwa aina za mazulia. Kashan, maua yake yanajipindapinda. Heriz, maua yana pembe, kama yamechorwa kwa rula.

"Na lililofumwa kwa mkono, Bwana, ligeuze. Nakshi ya mbele utaiona na nyuma."

Kisha jana, akicheka: "Ndugu yangu ameleta Heriz ya ajabu. Ameishonea kitambaa nyuma. Hataki hata niiguse!"

Khaemba naye alicheka. Akatoka, akapiga simu.

Walipofika mtaa wa Kondele, Khaemba aliipita Datsun, akaizibia njia.

Hiram aliruka nje na bastola. Browning ya Khaemba ilibweka mara moja. Bastola ikaanguka, Hiram akaanguka nayo, ameshika mkono unaovuja damu.

Mlango wa pili wa Datsun ukafunguka.

Mwihaki.

Khaemba hakumtarajia. Alilikimbilia zulia, akachana kitambaa kwa kisu. Baruti, zimepangwa kama matofali. Akakata waya wa saa ya kulipulia.

"Si wewe ni mteja wangu?" Mwihaki aliuliza taratibu.

Khaemba alikunja kisu chake.

"Nilikuambia kwa roho safi. Ungeniuliza, ningemzuia mimi mwenyewe. Ni ndugu yangu!"

Redio ilikwaruza. "Zulia?"

"Limekufa, Mbuta."

"Hiram yuko na nani?"

Khaemba alimtazama Mwihaki.

"Peke yake."

Akazima redio. "Nenda, Mama. Polisi wako njiani."

Mwihaki alifungua kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti, akaanza kuufunga mkono wa Hiram.

"Nenda wewe," alisema, bila kuinua macho.

Land Rover ya polisi ilipiga breki. Khaemba alirudisha Browning ndani ya koti, akavaa miwani ya jua, akatembea hadi kwenye Peugeot polepole, kama mtu asiye na haraka.

Hakugeuka. Hakuthubutu.