Bahasha Kumi na Mbili za Mkopo wa Dola

Siku mume wangu alipofariki, sweta ya shule ilikuwa bado kwenye cherehani ya kudarizi, jina la shule limefika nusu. Nililimalizia mimi.

Cherehani ile tuliinunua kwa mkopo wa dola, kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Mume wangu alikuwa ameandaa bahasha kumi na mbili za mwaka mzima. Juu ya kila moja aliandika kiasi cha kulipa, kwa fedha yetu. Nilizijaza vilevile, nikapeleka benki.

Mwezi wa tano ikaja barua. Nisipolipa malimbikizo, cherehani inachukuliwa.

Nilikwenda mbiombio, barua na bahasha mkononi, kwa jirani, karani mstaafu wa benki. Mtaani tunamwita Mama Risiti.

"Wananionea! Nimelipa kila mwezi!"

"Kiasi gani?"

"Alichoandika marehemu."

"Na risiti ulizisoma?"

"Nimeziweka kwenye kopo la vifungo."

"Kopo la vifungo! Jamani!" Akavua miwani. "Mdogo wangu, unadaiwa dola mia kila mwezi. Fedha yetu imeshuka thamani. Alipoandika, kiasi hiki kilitosha dola mia. Leo kinatosha themanini tu. Ishirini zinabaki deni, na faini juu."

"Lakini huu ni mwandiko wake."

"Najua. Ila dola haijui kusoma."

Nilimkasirikia yeye, benki, hata marehemu.

"Basi nikope kwingine nizibe?"

"Thubutu! Wateja wanakulipa fedha gani?"

"Fedha yetu."

"Basi na deni liwe la fedha yetu. Kaombe benki walibadilishe, wakuongezee muda. Uliza riba mpya kabla ya kusaini."

Afisa wa mikopo akaniambia njoo kesho. Kesho akaniambia njoo Jumatatu. Jumatatu Mama Risiti alinisindikiza, akaketi mbele ya meza ya afisa.

"Kijana, sisi leo hatuna haraka. Mke wa marehemu anataka kulipa. Unamkataza?"

Fomu zikapatikana.

Riba imepanda, na nitalipa miaka miwili zaidi. Si raha. Lakini dola ikipanda, deni langu halipandi nayo, na cherehani iko palepale dirishani.

Bahasha saba zilibaki. Kwenye kila moja nimepiga mstari juu ya kiasi cha marehemu, nikaandika changu chini. Ya mwezi huu nimeipeleka jana, na risiti nimeisoma.