Mahindi ya Msibani

Maiti ilifika mezani kwa Inspekta kwa mara ya pili, safari hii ikiwa ndani ya bahasha.

Ilikuwa picha, kielelezo namba tatu. Mzee amelala kifudifudi kwenye mpaka wa shamba lake na la mtoto wa kaka yake, kisogo kimepasuliwa kwa pigo moja la jembe. Jembe lilikuwa la huyo mtoto wa kaka. Ugomvi wa shamba ulikuwa wa miaka. Na mke wa marehemu, ambaye kijana alimwita mama mdogo, aliapa mahakamani kwamba saa moja asubuhi alisimama mlango wa jikoni akamwona kijana, kwa macho yake mawili, akimpiga baba yake mdogo. Kesi gani ingekuwa rahisi kuliko hiyo? Kijana akahukumiwa kunyongwa. Huu ulikuwa mwaka wa pili anahesabu matofali ya ukuta wa gereza, na Alhamisi rufaa yake ingesikilizwa.

Inspekta ndiye aliyempeleka huko. Kituoni walimwita Futi Kamba, maana hakwenda kwenye tukio lolote bila futi yake ya chuma mfukoni. "Mimi sisemi," alizoea kutamba, "futi ndiyo inasema." Kutoka mlango wa jikoni mpaka mpakani futi ilisema mita sitini na mbili, hakuna mti, hakuna ukuta. Jaji alimsifu ndani ya hukumu. Inspekta akatoa nakala ya ukurasa ule, akampelekea mama mkwe wake.

Sasa wakili wa serikali alikuwa amempigia simu. "Hebu soma sababu ya nne ya rufaa. Mrufani kaiandika mwenyewe, kwa mkono."

Akaisoma. *Mama mdogo hangeweza kuniona mimi wala mtu mwingine yeyote, maana mahindi yalikuwa yamesimama, yamenipita kichwa.*

"Mahindi gani?" Inspekta alifoka peke yake. "Uwanja ulikuwa mweupe pee!"

Kijana alisema hivyo hivyo kwenye kesi, Inspekta akamjibu hivyo hivyo, na mahakama ikamwamini mwenye futi. Mtu aliyehukumiwa kunyongwa atasema lolote, alijiambia. Lakini alipokuwa anairudisha picha kwenye bahasha, jicho likamnasa kwenye pembe ya juu. Nyuma ya bega la marehemu kulikuwa na mabua. Mabua mazima, mabichi, yenye mbelewele.

Akaitoa ramani aliyoichora yeye. Ilikuwa na tarehe ya siku tatu baada ya picha. Picha ilipigwa na askari wa zamu siku ya kifo. Inspekta mwenyewe alikabidhiwa jalada baadaye. Kati ya mlango na mpaka aliandika, kwa mwandiko wake mzuri: eneo wazi.

Akalifunga jalada.

"Konstebo!" akaita. "Washa gari."

Mjane aliwapokea kwa bashasha iliyopita kiasi. "Karibuni, karibuni wanangu! Mbona mlinisahau hivi? Kaeni, jamani, kaeni."

Konstebo, binti asiyemwogopa mtu, alinong'ona. "Afande, huyu mama anatuchekea kwa meno tu. Macho hayamo."

"Shika mwisho wa futi, unyamaze."

Lakini hata yeye hakukipenda kicheko kile. Tangu atoke kituoni hakumwamini mtu: wakili, mfungwa, mjane, wala, kibaya zaidi, yeye mwenyewe.

Futi haikwenda mbali. Hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, mahindi yalikuwa yamesimama kama ukuta. Msimu ulikuwa ule ule. Konstebo akazama ndani yake na kutoweka.

"Unaniona, afande?"

"Sikuoni."

"Napunga mikono yote miwili!"

"Hata ungepiga sarakasi. Rudi."

Mjane akatoka na sahani. "Kuleni kwanza. Nimeyaepua sasa hivi."

Mahindi mabichi ya kuchemsha, yanafuka mvuke. Inspekta aliyatazama. Mahindi ya shamba hili alishayala. Siku ile ya tatu, kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja mweupe, waombolezaji kila upande, alikula mawili huku anachora ramani, na akasema ni matamu. Hakujiuliza hata mara moja yalitoka wapi.

"Mama," alisema taratibu, "mwaka ule hapa mlipanda nini?"

"Mwaka gani?"

"Wa msiba."

"Mahindi. Sisi kila mwaka mahindi."

"Nilipokuja sikuyakuta."

"Tuliyakata, baba. Watu wa msiba wangekaa wapi? Nyumba yenyewe si unaiona?"

"Mkayakata mabichi?"

"Ningefanyaje? Mabua tukawapa ng'ombe, mahindi tukawachemshia wageni. Hata wewe ulikula."

"Nilikula. Mliyakata siku gani?"

"Siku ile... watu walipoanza kuja."

"Mzee akiwa ameshakufa."

"Eeh, ameshakufa. Msiba utaanzaje kabla ya..."

Sahani ikainama, hindi moja likabingirika mpaka kwenye kiatu cha Inspekta. Hakuna aliyeliokota.

"Kwa hiyo saa moja asubuhi, mzee akiwa hai, mahindi yalikuwa yamesimama."

"Niliona kwenye upenyo."

"Upi? Simama hapo mlangoni, konstebo aende mpakani, uniambie ameshika nini."

Mjane hakusimama. Inspekta akampa onyo la kisheria: kwamba anatuhumiwa kwa mauaji, kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa. Konstebo akafungua daftari. Mjane akajishusha kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, bashasha yote imemwisha.

"Kipande cha chini," alisema. "Cha udongo mweusi, kule kwenye kijito. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kilikuwa cha shemeji yangu, baba wa kijana. Alipokufa kilikuwa mawe na magugu. Mawe nimeyatoa mimi, kwa mikono hii. Miaka ishirini na miwili! Mume wangu kazi yake ilikuwa kugombania shamba. Kulima nalima mimi."

"Kisha?"

"Kisha asubuhi ile anavaa viatu, ananiambia, 'Nimechoka kugombana na mtoto wa kaka yangu. Naenda kumrudishia chake.' Hivyo tu! Utadhani anarudisha sufuria ya jirani. Hakuniuliza. Hata kuniuliza, afande!"

"Ukamfuata."

"Nikamfuata nikimsihi. Hakugeuka. Kijana alikuwa na tabia ya kulaza jembe mwisho wa tuta, ili akirudi ajue pa kuanzia. Nikaliokota."

"Kijana mwenyewe alikuwa wapi?"

"Hakuwepo. Alisema alilala na homa. Huenda ni kweli."

"Na mahindi?"

"Nilishamwambia askari wa kwanza kwamba nimeona nikiwa mlangoni. Lilinitoka tu mdomoni. Walipoondoka nikasimama hapa, nikatazama, sioni kitu. Nikajua atakuja mtu wa kupima." Akamwinulia Inspekta macho, hayana hata chuki. "Ukaja wewe."

Alhamisi, wakili wa serikali hakuipinga rufaa. Maelezo ya mjane yalipokelewa kama ushahidi mpya, majaji watatu wakayasoma kimya, kisha wakamtaka Inspekta ajieleze. Garini konstebo alikuwa amemshauri aseme alidanganywa, basi, yaishe.

"Uliiambia mahakama eneo lilikuwa wazi," jaji alisema.

"Lilikuwa wazi nilipofika, mheshimiwa. Sikuuliza lilikuwaje siku ya tukio."

"Hukuona dalili yoyote ya mazao?"

"Niliona, mheshimiwa."

"Uliifanyia nini?"

"Niliila. Mahindi mawili."

Mtu mmoja alicheka nyuma ya ukumbi, akajifanya anakohoa. Jaji hakucheka. Saa tano kasoro hukumu ya kifo ilifutwa.

Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, mfuko wa nguo zake mapajani, hajui pa kwenda. Inspekta alimsogelea.

"Umekuja kupima nini tena, afande?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nimekukosea."

Kijana akatazama ukuta.

"Na kuna jambo hukusomewa mle ndani. Asubuhi ile baba yako mdogo alikuwa anakuja kwako."

"Kunipiga."

"Kukurudishia shamba. Alisema amechoka kugombana na mtoto wa kaka yake."

"Alisema hivyo? 'Mtoto wa kaka yangu'?"

"Ndivyo alivyosema. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa mkewe."

"Miaka sita alikuwa ananiita 'yule jirani'," kijana alisema. Akauinua mfuko wa nguo, akauzika uso wake humo, akalia kwa sauti mpaka makarani wakatoka maofisini. Miaka miwili alikuwa muuaji wa baba yake mdogo. Hakuwa amepata nafasi ya kumlilia.

Inspekta akakaa pembeni yake, akamsubiri amalize.